Baka jeupe begani

Babu yangu akipotelewa na ng'ombe hakuwa mtu wa kusema tu "nimepotelewa na ng'ombe." Alisema: jike, rangi ya majivu, pembe ya kushoto imeshuka kuelekea jichoni, ana baka jeupe begani upande wa kulia, akitembea anaburuta kwato ya nyuma, akiona mbwa hakimbii. Kisha ananyamaza. Aliyesimama naye njiani, ambaye ng'ombe huyo hajawahi kumtia machoni, kesho yake angeweza kumtambua mnadani katikati ya ng'ombe mia tatu. Huko kwetu Magu mtu akikupa maelezo mabovu ya ng'ombe wake, unajua tu kwamba huyu hachungi mwenyewe.

Huu ni mwaka wa tatu nafanya kazi hiyohiyo ya babu. Natoa maelezo ya kiumbe ili mtu ambaye hajamwona aweze kumtambua. Tofauti ni kwamba wa kwangu ni bakteria, anaishi tumboni mwa ng'ombe, na ukimwonesha hewa anakufa.

Mimi ni mtu wa maabara hapa Mwanza, naishi Buhongwa, na katikati ya kazi na watoto wawili nikajiingiza kwenye masomo ya uzamili. Mwalimu wangu aliniambia nichague kati ya kuhesabu kupe na kutafuta bakteria wa tumboni wasiotumia oksijeni. Kupe nawajua tangu utotoni. Nikachagua nisichokijua, na kuna usiku mwingi nimewakumbuka kupe kwa huzuni.

Kazi inaanzia machinjioni saa kumi alfajiri. Ng'ombe ana tumbo lenye vyumba vinne, na chumba cha kwanza, kikubwa kuliko vyote, ndicho hiki ambacho kwenye supu tunakiita taulo. Ndani yake kuna joto la nyuzi 39, giza, na majani yaliyosagwa nusu yanayoelea kwenye maji ya kijani. Kila mililita ya maji hayo ina bakteria zaidi ya bilioni kumi. Ng'ombe mwenyewe hana uwezo wa kuvunja nyuzinyuzi za majani. Wao ndio wanaozivunja na kuzichachusha, wanatoa asidi ya asetiki, ya propioniki na ya butiriki, na asidi hizo zinapenya ukuta wa tumbo na kuwa nguvu ya ng'ombe. Kaboni dioksaidi na methani inayobaki anaicheua. Kwa hiyo ukimwona amelala kivulini anatafuna tena majani yake, jua kuna watu wengine ndani wako zamu.

Watu hao wengi wao hawana kinga dhidi ya oksijeni. Inapoingia ndani ya seli zao inazaa sumu ambazo hawana vimeng'enya vya kutosha kuzisafisha. Ndiyo maana chombo changu cha kwanza cha utafiti kilikuwa chupa ya chai. Unaipasha kwa maji ya moto, unayamwaga, halafu unajaza majani ya tumboni mpaka mdomoni kabisa, pasibaki nafasi ya hewa, unafunga, unakimbia. Ilikuwa chupa ya nyumbani. Mume wangu hakusema neno, ila kesho yake niliikuta ndani ya boksi la vitu vyangu vya maabara, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: NG'OMBE.

Vijana wa machinjioni waliniita daktari wiki ya kwanza. Wiki ya pili wakaniita Mama Mavi. Nimeridhika na cheo hicho.

Sasa niseme kidogo kuhusu kuwafuga, maana hapa ndipo miezi yangu kumi ilipopotelea. Chakula chao unakipika: chumvi, sukari kidogo, na maji ya tumbo la ng'ombe yaliyochujwa mpaka yang'ae (harufu yake usiniulize, jengo zima liliniuliza). Unaongeza rangi iitwayo rezazurini. Unachemsha huku gesi ya kaboni dioksaidi ikipuliza juu yake, na rangi inatoka bluu inakuwa waridi. Unatia sisteini, kemikali ya kumalizia oksijeni iliyobaki, unasubiri. Waridi inafifia, inafifia, mpaka kinabaki kimiminika cha rangi ya chai nyepesi. Hapo oksijeni imekwisha. Ukifunga tyubu kwa kifuniko cha mpira mzito, na asubuhi ukakuta chini ya kifuniko pete nyembamba ya waridi, upana wa uzi tu, tyubu hiyo itupe. Hewa imepita. Nimetupa tyubu nyingi kiasi kwamba hata kitenge cha waridi sikipendi tena.

Gesi nilikodi kwa watu wanaojaza mitungi ya kuzimia moto. Lakini gesi ya dukani haikosi chembe za oksijeni, kwa hiyo unaipitisha kwanza kwenye bomba la moto lililojaa shaba, shaba inazinasa. Shaba nilinunua Igoma kwa fundi wa kusuka mota, kilo na nusu ya nyaya kuukuu, akanionya kwa upole kwamba polisi wanawasumbua wanaouza shaba ya wizi. Nikamwambia mimi naichoma tu. Akaniangalia sana.

Njia yenyewe ya kuwaotesha ni ya Mmarekani Robert Hungate, aliyeieleza mwaka 1950, na mpaka leo hatujaiacha. Unayeyusha agari, ute wa mwani unaoganda kama jeli, ndani ya tyubu, unachoma sindano kupitia mpira na kuingiza tone la sampuli, halafu unaiviringisha tyubu juu ya barafu ili agari igande kwa ndani kama rangi iliyopakwa ukutani. Bakteria mmojammoja ananaswa mahali pake, anazaa, na baada ya siku kadhaa unaona nukta. Barafu yangu ilitoka Mwaloni, Kirumba, barafu ya samaki, inanuka dagaa. Hungate sijui angesemaje, lakini ilifanya kazi.

Siku ya nne, kwenye tyubu namba 27, nikaona nukta za rangi ya maziwa, ndogo kama kichwa cha pini, pembezoni zimechakaa kidogo kama karatasi iliyochanwa kwa mkono. Nikamchota mmoja, nikamwotesha upya, nikamchota, nikamwotesha, mara tatu, mpaka nikawa na uhakika yuko peke yake. Chini ya darubini ni kijiti kilichopinda, mfano wa kipande cha kucha kilichokatwa. Anatetemeka anapokwenda. Na ukifungua tyubu iliyokaa siku mbili unapata harufu ambayo mtu yeyote aliyekulia kwenye nyumba ya wafugaji anaijua kabla hajaambiwa: samli iliyochacha. Hiyo ndiyo asidi ya butiriki. Mashine ya kupima asidi ilikuja kusema hivyohivyo wiki sita baadaye, kwa gharama kubwa.

Jina lake la nyumbani likawa Ishirini na Saba.

Kumsoma alipo kwenye ukoo wake ndiyo sehemu watu wanayoidhani ngumu, na kusema kweli ndiyo nyepesi. Kuna kipande cha jeni, herufi kama 1,500, ambacho kila bakteria anacho. Unakitoa, kinasomwa, unakilinganisha na vya wote wanaojulikana. Ukifanana na jirani yako wa karibu kwa chini ya asilimia 98.7, inaanza kuwa habari. Wangu alifanana na ndugu wa jenasi ya Butyrivibrio kwa asilimia 96 na kidogo. Tukasomesha jenomu nzima, yaani DNA yake yote. Huko mstari wa kutenganisha spishi unawekwa kwenye asilimia 95 mpaka 96 za ufanano, na sisi tulikuwa chini sana ya hapo. Mwalimu wangu, mtu asiyecheka ovyo, alivua miwani akaifuta akaivaa tena. Nilijua ni sherehe.

Lakini kujua kwamba huyu si ng'ombe wa jirani bado si kumweleza. Anapenda joto gani? Nyuzi 39, ingawa anavumilia kuanzia 30 mpaka 45. Anakula nini? Nilimjaribu kwa sukari ishirini na mbili, moja baada ya nyingine. Na hapa ndipo babu alinirudia kichwani kwa nguvu, kwa sababu asichokula ni muhimu kama anachokula. "Akiona mbwa hakimbii." Jirani wa karibu wa Ishirini na Saba anakula sukari fulani, huyu hagusi. Hilo ndilo baka lake begani.

Rangi ya Gram, ile wanayopakwa bakteria ili kuwatenga kwa aina ya ukuta wa seli, nayo ni kizaazaa. Kila mwanafunzi anafundishwa kwamba bakteria wa zambarau ukuta wake ni wa aina moja na wa rangi nyekundu ni wa aina nyingine. Ukoo huu wa Butyrivibrio una ukuta wa wale wa zambarau, ila ni mwembamba mno, haushiki rangi, wanatokea wekundu. Mtu asiyejua ataandika makosa na kuapa kwamba ameona kwa macho yake. Kama kutaja rangi ya ng'ombe saa moja usiku.

Shemeji yangu aliniuliza mezani: "Sasa huyu mdudu wako anatibu nini?" Hatibu kitu. Nikamsimulia habari ya lusina badala yake, maana Kanda ya Ziwa watu wengi wanaifahamu, imepandwa mashambani kwa ajili ya mbolea, kuni na malisho. Majani yake yana protini nyingi sana, lakini pia yana sumu iitwayo mimosini. Australia waliipanda kwa hamu, ng'ombe wakaanza kupukutika nywele, kuvimba tezi la shingoni na kukonda. Mtafiti wa huko, Raymond Jones, akagundua kwamba kule Hawaii mbuzi wanaila lusina hiyohiyo na hawana shida. Mmea ni uleule, kwa hiyo tofauti ilikuwa ndani ya matumbo. Miaka ya 1980 wakahamisha bakteria wa tumbo la mbuzi wa Hawaii wakawatia matumboni mwa mifugo ya Australia, na mifugo ikaanza kula lusina bila kuumwa. Bakteria mwenyewe alikuja kuelezwa rasmi mwaka 1992, akaitwa Synergistes jonesii, kwa heshima ya Jones. Shemeji akasema, "Kumbe mbuzi anaweza kumwambukiza ng'ombe afya." Sijawahi kusikia mtu akilisema vizuri hivyo, na yeye anauza vipuri vya bodaboda.

Wapo watakaosema siku hizi hakuna haja ya kufuga. Unachukua maji ya tumbo, unasoma DNA yote kwa pamoja, kompyuta inaunganisha vipande. Ni kweli, na nawaheshimu. Mwaka 2020 zilichapishwa jenomu 1,200 kutoka matumbo ya ng'ombe wa Afrika kwa njia hiyo. Wakati huohuo mradi uliopewa jina la Hungate, uliochapisha matokeo mwaka 2018, ulikusanya jenomu 410 za viumbe waliofugwa kweli, na hiyo ilikuwa kazi ya watu wa nchi nyingi. Mimi naona hivi: jenomu bila kiumbe ni nyayo kwenye tope. Zinakwambia alipita, alikuwa mzito kiasi gani, alielekea wapi. Maziwa hupati.

Nilikuwa na kiburi hicho mpaka Jumatatu moja ya mwezi wa tatu.

Umeme ulikatika Ijumaa jioni. Jenereta lilikuwepo, dizeli haikuwepo, na aliyetakiwa kujua kwamba haipo alikuwa msibani. Nilipofungua friza Jumatatu, sakafu yake ilikuwa na maji ya uvuguvugu na vichupa vyangu thelathini na kimoja vya Ishirini na Saba vilikuwa vinaelea kama dagaa waliokufa. Nilijaribu kumwamsha kwenye kila kimoja. Wiki mbili. Tyubu zilibaki angavu, hakuna hata ukungu.

Babu hakuwahi kufuga ng'ombe wake wote zizi moja. Wengine alikuwa nao kwa rafiki yake ng'ambo ya mto, wengine kwa mjomba, wengine kwa mtu ambaye hata sijui walijuana vipi. Maradhi yakipita, au wezi, hawamalizi wote. Tukiwa watoto tuliona ni uchoyo wa kuficha mali.

Na mimi, bila kufikiria sana, nilikuwa na ng'ombe watatu kwa rafiki. Kuna kijana tulisoma naye diploma, sasa kazi yake ni uhimilishaji, anazunguka na pikipiki akipandisha ng'ombe wa watu kwa mbegu za madume zilizogandishwa. Ana mtungi wa naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, hauhitaji umeme wa mtu. Miezi minane kabla nilimwomba anihifadhie vichupa vitatu, kwa mzaha zaidi kuliko kwa akili. Nikampigia. Akasema, "Vipo. Viko katikati ya Friesian na Ayrshire." Alikuwa amevifunga karatasi yenye maandishi makubwa: SI YA KUPANDISHA.

Cha kwanza hakikuamka. Cha pili, siku ya tatu, tyubu ikaingia ukungu, na harufu ya samli iliyochacha ikajaa chumba kizima. Nililia mbele ya mfanya usafi.

Sheria ya kutoa jina jipya la bakteria inadai kwamba kielelezo chenyewe, akiwa hai, kiwekwe kwenye hazina mbili za bakteria katika nchi mbili tofauti, na mtu yeyote akimhitaji apewe. Bila vyeti vya hazina mbili hakuna jina. Nilipoisoma mara ya kwanza niliiona ni urasimu wa wazungu. Baada ya friza nikaisoma tena nikamsikia babu.

Tena hazina hizo zilinifundisha kitu kwa mkono. Ili kumlinganisha Ishirini na Saba na ndugu yake ilibidi niagize kielelezo cha Butyrivibrio fibrisolvens, yule aliyeelezwa na Bryant na Small huko Marekani mwaka 1956. Alifika kwenye kichupa cha kioo kilichofungwa kwa moto, unga mkavu mweupe kama maziwa ya kopo. Nikakata shingo ya kioo, nikamtia chakula. Siku ya pili alikuwa anatetemeka chini ya darubini yangu. Wazazi wangu hawakuwa wamezaliwa huyu alipotolewa tumboni mwa ng'ombe.

Wa kwangu amekwenda Braunschweig, Ujerumani, na Tsukuba, Japani. Vibali sitavisimulia. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inataka nchi iridhie kabla kiumbe wake hajatoka, na naiunga mkono kwa moyo wote, ila kifurushi kilikaa wiki tano kwenye meza ya ofisi moja kwa sababu kwenye fomu niliandika "bakteria hai" na kila aliyeisoma alikisogeza kwa kalamu. Ujerumani wamemwamsha. Japani wameandika kwa adabu nyingi kwamba hajaamka, naomba utume tena.

Jina tumeshalichagua, silisemi hapa mpaka lichapishwe. Mtu hajiiti mwenyewe, hiyo ni aibu ya kidunia. Mengi yanachukua jina la mahali na kuongezewa mkia wa -ensis, na jina la pili lazima lipatane na la kwanza kijinsia kwa Kilatini. Mwalimu wangu alianza kunieleza hilo kwa wasiwasi, nikamwambia asihangaike. Sisi tumezaliwa na ngeli.

Wiki iliyopita nilikwenda Magu. Babu macho yamekwisha, anakaa chini ya mwembe, amewekewa michembe na chai ya rangi. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza kama kawaida yake mume mwenzake hajambo. Nikamweleza habari yote, polepole: rangi, umbo, anachokula, asichokula, kwamba yuko kwa marafiki ng'ambo. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande, jinsi anavyosikiliza mtu anayetangaza ng'ombe. Mwisho akauliza jambo moja.

"Na mwenye ng'ombe ameambiwa?"

Kwenye andiko langu kuna mstari unaosema kiumbe huyu alitoka kwenye tumbo la ng'ombe dume aina ya zebu aliyechinjwa Mwanza. Tarehe ipo. Mwenyewe hayupo. Kwa hiyo Jumamosi saa kumi nikarudi machinjioni, safari hii bila chupa, na daftari langu la siku ile. Mama Mavi amerudi, wakapiga kelele. Tukatafuta kwenye vitabu, tukampata mchuuzi aliyemleta. Alikuwa amekaa juu ya ndoo, anakula chapati. Akamkumbuka: mwekundu, nundu imeegemea kushoto, alikuwa akinenepeshwa kwa mashudu ya pamba. Alimnunua mnadani kwa mtu asiyemjua jina. Akaacha kutafuna.

"Kwani alikuwa mgonjwa?"

Nikamwambia hapana, alikuwa mzima kabisa.